Hodi kwa Wasio na Ulimi

Nchi ya Hodini haimuulizi mgeni amefika kwa njia gani. Humuuliza jambo moja tu: umegonga wapi? Maana yake, tangu ulipoingia, ni ukuta gani umeutia nyundo, na je, ulibisha kwanza? Fundi Shaweji alipoulizwa hivyo langoni alidhani anataniwa, akajibu kwamba yeye hagongi, yeye hujenga. Mlinzi alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyevaa shati kinyume naye hajijui, kisha akampisha.

Shaweji alikuwa mwezekaji. Kwao alisifiwa kwa wepesi: mwenye nyumba yuko bado anatoa vyombo nje, yeye keshakaa juu ya kombamoyo za paa anang'oa vigae. Walimwita Upepo, na jina lilimkaa. Alikuja Hodini kwa ajili ya bintiye, Tumu, aliyeolewa huko. Tumu alikuwa na mimba ya kwanza, nayo ilikuwa imekomaa. Mumewe alikuwa kazini mpakani, wala hakutazamiwa kurudi kabla mvua hazijakatika. Habari zilizomfikia baba mtu zilikuwa fupi: paa la chumba cha kulala limeoza, na masika yako njiani.

Tumu alimpokea mlangoni, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ngazi iko wapi?"

"Hujanywa hata maji."

"Nitakunywa huko juu."

Tumu alicheka kidogo, kisha akaacha. "Baba, huku hatupandi juu hivi hivi. Nyumba haijapigwa hodi."

Alimweleza akiwa ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha maana ilikuwa imevimba. Hodini mtu hagusi paa, wala ukuta, wala msingi, mpaka ijulikane kwanza nani anaishi humo. Si watu. Watu wanajulikana, wana majina yao na kelele zao. Wanaotafutwa ni wale ambao sheria inawaita wasio na ulimi: popo wa darini, mbayuwayu wa barazani, bundi wa tundu la moshi, nyuki wa ndani ya ukuta. Hao hutumiwa afisa aitwaye Mpiga Hodi, naye hubisha na kungoja. Asipoitikiwa, nyumba hupewa idhini ya ujenzi, nayo idhini hiyo jina lake ni karibu. Akiitikiwa, kazi husimama mpaka wenyewe waondoke kwa hiari yao na kwa mwendo wao.

"Kwa mwendo wao?" akauliza Shaweji.

"Jirani yetu wa kule chini alitaka kupanua jiko, akaonekana kinyonga dirishani. Mafundi walikaa na mwiko mkononi kinyonga anatoka. Walipika, wakala, wakaosha vyombo. Kinyonga bado yuko kizingitini, anafikiri."

Shaweji hakucheka. Aliinua macho darini. Ubao ulikuwa umepiga mawaa ya maji, moja juu ya jingine, na juu ya kitanda cha bintiye palikuwa na ufa ambao mtu angeweza kupitisha mkono. Alisikia kitu huko juu kikijisogeza, laini, kama nguo inayokunjwa.

"Na huyo Mpiga Hodi anapatikana wapi?"

"Ofisini. Lakini vaa viatu vya kupandia."

Alielewa alipofika. Ofisi ya Hodi ilikuwa jengo la mawe lenye mlango mkubwa wa mninga, nao ulikuwa umefungwa, kwa sababu mbayuwayu walikuwa wamejenga kiota pale mbao mbili za mlango zinapokutana. Kuufungua kungekivunja. Mlango wa nyuma ulikuwa na nyigu. Basi maafisa wote, tangu karani hadi mkurugenzi mwenye tai, waliingia kazini kwa ngazi kupitia dirisha la ghorofani. Hakuna aliyecheka wala kunung'unika. Walipokutana chini ya ngazi walipishana kwa adabu: "Tangulia, mkubwa." "La, wewe una mafaili." Mkurugenzi aliinua mguu wake mzito juu ya kizingiti cha dirisha, akajipangusa vumbi magotini, akaingia kuhudumia taifa.

Shaweji alisimama chini ya ngazi akiwatazama. Maishani mwake aliwahi kuona nyumba za watu zikivunjwa ili mkubwa mmoja apate pa kuegesha gari. Hakuwahi kuona wakubwa wakipanda ngazi kwa sababu ya ndege. Hakujua kama aone ni wendawazimu au aone ni ibada.

Ndani alikutana na Bi. Mwasiti, Mpiga Hodi wa mtaa ule. Alikuwa mwanamke mkimya wa umri wa makamo, amevaa raba zisizotoa sauti, na alizungumza kama anaongea karibu na mtoto aliyelala.

"Nimesikia shida yako, fundi," alisema. "Zamu ya nyumba ya binti yako itafika. Foleni ya hodi ni ndefu."

"Na mvua, mama?"

"Mvua haimo katika foleni yetu."

Alisema hivyo bila dharau. Alikuwa anaeleza tu mambo yalivyo.

Zikapita siku. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa milima, yakitawanyika jioni na kurudi asubuhi mazito zaidi. Shaweji alinoa patasi zake mpaka zikawa hazihitaji tena kunolewa. Siku moja jirani wa ukuta kwa ukuta, Bwana Ngoda, mtu mnene mwenye sauti ya ukarimu, alimwita aje aone nyumba yake. Ilikuwa nyeupe pe, ya ghorofa, na juu yake mafundi walikuwa wakiongeza ghorofa nyingine.

"Hodi yangu ilipigwa jioni," alisema Ngoda, "na idhini ya karibu nikaipata asubuhi yake. Baraza limenipa sifa. Nyumba safi, wameiita. Nyumba isiyosumbua kiumbe chochote."

"Hukuwa na popo?"

"Nilikuwa nao." Ngoda alimkaribia. "Sikiliza, wewe ni mgeni na ni baba, nakusaidia. Sheria inauliza nani yumo siku ya hodi. Haiulizi nani alikuwemo jana yake. Makumbi ya nazi, pilipili kavu, jiko dogo la udongo. Unapandisha darini mchana wamelala, unaziba dari, unashuka unakunywa chai. Hodi ikija, haitikii mtu."

"Na maafisa hawajui?"

"Wanajua kupiga hodi," alisema Ngoda.

Shaweji alirudi nyumbani akiwaza. Haikuwa dhambi machoni pake. Kwao popo huondolewa kama utando wa buibui, na hakuna anayelifikiria jambo hilo mara mbili. Tena palikuwa na bintiye, anayelala chini ya ufa ule na tumbo lake.

Mchana mmoja Tumu alikwenda kwa mkunga. Shaweji aliwasha makumbi katika jiko la udongo, akafunga pilipili katika kitambaa, akapanda ngazi hadi kwenye upenyo wa dari. Alitanguliza jiko, kisha kichwa. Joto la paa lilimpiga usoni, na harufu kali ya popo, chungu na tamu kwa pamoja. Makumbi yalikuwa bado hayajafuka sana. Alishika kitambaa cha pilipili tayari kukitupa, na mwanga mwembamba uliopita kwenye kigae kilichovunjika ukamwonyesha yaliyokuwemo.

Alidhani ataona popo. Aliona ukumbi. Kutoka boriti ya kwanza hadi ya mwisho walikuwa wamening'inia wamegusana mabega, maelfu, manyoya yao ya rangi ya kahawa iliyokaangwa, na kundi zima lilikuwa likipumua kwa pumzi moja, likituna na kunywea kama ubavu wa mnyama mkubwa. Kila mmoja kifuani alikuwa na kitu cha waridi kimemganda. Shaweji alisogeza uso. Vilikuwa vitoto, havina manyoya, macho yamefumba, vinanyonya.

Na karibu naye kabisa, kama kijiko kinavyokaribia mdomo, palikuwa na mmoja ambaye hakuwa na kitu kifuani. Huyo alikuwa akijikunja na kujikunjua. Aligeuka, akashika boriti kwa vidole gumba vya mabawa, akaikunja ngozi ya mkia ikawa kama mbeleko. Shaweji, aliyesimama nje ya mlango mara zote mkewe alipojifungua, kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona kiumbe kikizaliwa. Kilitoka kikaangukia ndani ya mbeleko ile, chekundu, kidogo kama kokwa ya tende. Mama akainamisha kichwa akakilamba. Kikapanda chenyewe, kipofu, kikitambaa juu ya kifua cha mama yake, kikitafuta, kikakosa, kikatafuta tena, kikapata.

Shaweji alishusha mkono uliokuwa na pilipili. Moshi wa makumbi ulianza kuinuka, mwembamba, ukielekea kwenye boriti, na popo wa karibu wakaanza kutikisa masikio. Alilivuta jiko kwa mikono mitupu. Liliunguza viganja vyake, naye hakulitua mpaka alipofika uani, akalimwaga mchangani.

Tumu aliporudi alimkuta ameketi kwenye ngazi, mikono ndani ya beseni la maji. Harufu ya makumbi ilikuwa bado nyumbani. Alitazama jiko, akatazama kitambaa cha pilipili, akamtazama baba yake.

"Ulitaka kuwatoa."

"Nilitaka."

"Kisha?"

"Mna wazazi humo, mwanangu," alisema. "Mna wazazi wengi mno."

Tumu aliketi kando yake akamfuta viganja kwa upande wa kanga.

Zamu yao ilipofika, Bi. Mwasiti alikuja jua likielekea kuzama, na nyuma yake wakaja majirani, kila mmoja na mkeka wake. Hodini hodi ni jambo la mtaa. Waliketi uani wakitazama paa, wakubwa kwa watoto, na hakuna aliyekohoa. Bi. Mwasiti alivua raba zake. Alikwenda hadi ukutani, akabisha kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama unavyobisha kwa mkwe.

"Hodi, wenyewe," alisema. "Tumekuja kuwajua tu."

Kisha akaketi, bakuli tupu mbele yake na mfuko wa komwe za kuchezea bao pajani. Kwa kila atakayetoka angetupa komwe moja bakulini.

Kwanza hapakuwa na kitu. Mwanga ukapungua. Akatoka mmoja chini ya kigae cha pembeni, akazunguka ua, akapotea. Komwe ikalia bakulini. Wakatoka wawili, watatu. Komwe, komwe. Halafu paa zima likafunguka. Walimiminika kama maji yaliyovunja kingo, utepe mweusi ukapanda juu ya ua, ukajikunja, ukajinyoosha juu ya mtaa, na sauti ya mabawa ilikuwa kama mvua inayokuja kwa mbali bila kufika. Bi. Mwasiti alitupa komwe mpaka mkono haukuonekana kwa kasi. Kisha mfuko ukaisha. Alibaki na kiganja wazi juu ya bakuli lililofurika, uso umeinuka, naye hakujaribu tena kuhesabu. Popo waliendelea kutoka. Mwanamke mmoja alilia kimya kimya bila kujifuta. Shaweji alihisi bintiye amemshika mkono na kuupeleka tumboni, na chini ya kiganja chake chenye lengelenge kitu kiligeuka.

Kwa Bwana Ngoda dirisha lilikuwa wazi, naye alikuwa amesimama hapo anatazama kama wengine. Kutoka paa lake jeupe hakikutoka kitu.

Watu walipokunja mikeka Shaweji alimfuata Bi. Mwasiti langoni.

"Mama, ile nyumba nyeupe. Unajua kwa nini haikuitikia?"

Bi. Mwasiti alivaa raba zake, moja kisha nyingine. "Kazi yangu ni kupiga hodi, fundi. Asipoitika mtu, sheria inasema hamna mtu."

"Basi anayengoja ni yule tu aliyekubali kuishi nao."

"Ndiyo," alisema. "Kila mwaka nyumba zinazoitika zinapungua, na sisi tunawapa wenyewe sifa kwa usafi." Alimtakia usiku mwema, akaenda.

Shauri lilipelekwa Barazani. Baraza la Hodini huketi uwanjani, kwa sababu ukumbi wake una bundi. Wajumbe walikuwa watu wasomi na walijadili kwa uzito mkubwa. Wa kwanza alisema popo si wakazi kisheria, kwa kuwa mkazi ni yule anayelala nyumbani usiku, na popo usiku hawapo. Wa pili akajibu kwamba kwa hoja hiyo walinzi wote wa mji hawana makazi, na mmoja wa walinzi, aliyekuwa kasimama nyuma, akaonekana kuingiwa na hofu. Wa tatu aliuliza kama vitoto visivyoruka vihesabiwe kuwa wakazi au kuwa sehemu ya mwili wa mama. Mjadala huo ulichukua asubuhi nzima. Shaweji alisikiliza akitazama mawingu, ambayo siku hiyo hayakutawanyika.

Mwishowe Mwenyekiti, bibi mmoja mwenye mvi aitwaye Bi. Shumari, alitoa uamuzi. Paa lisiguswe hata kigae kimoja mpaka vitoto viruke.

Shaweji akasimama. Hakuwa msemaji. "Wakuu, naomba kuuliza. Katika hodi ile, binti yangu mlimhesabu?"

"Sheria hii ni ya wasio na ulimi, fundi," alisema Bi. Shumari kwa upole. "Binti yako anao. Anaweza kuhama, anaweza kuomba hifadhi, anaweza kutulalamikia."

"Ni kweli. Lakini aliyemo tumboni mwake hana."

Wajumbe walitazamana. Mmoja alianza kuuliza kama aliye tumboni ni mkazi wa nyumba au ni msafiri apitaye, na Bi. Shumari akamwinulia kidole, naye akaketi.

"Unataka tuwatoe popo?" aliuliza Mwenyekiti.

"Hapana," alisema Shaweji, na mwenyewe akashangaa jinsi neno lile lilivyotoka upesi. "Nimewaona. Nisingekubali hata mngeniamuru. Nataka kujenga paa juu ya paa. Nguzo zisimame nje ya ukuta, makuti yapite juu, nyumba yenyewe isiguswe. Mvua iishie kwangu. Popo wabaki na lao, na mwanangu abaki na lake."

Wakajadili kama kivuli ni mguso. Mjumbe mmoja alisema kivuli humgusa anayekiona, na mwingine akasema popo hawakihitaji, maana hulala gizani. Wakajadili kelele. Jua lilipokuwa limepinda Bi. Shumari aliamuru: ijengwe, lakini bila nyundo wala msumari, na upande wanaotokea popo uachwe wazi.

Basi Upepo akajenga polepole. Hakuwa amewahi kujenga bila kugonga. Alifunga kila mti kwa kamba ya usumba wa nazi, akikaza kwa uzito wa mwili, viganja vyake bado vibichi. Majirani walikuja kumsaidia kusuka makuti, wakiongea kwa kunong'ona. Ukipita nje ungedhani ndani mna mgonjwa. Bwana Ngoda naye alikuja siku moja. Alisimama mlangoni na fungu la kamba mikononi, na Shaweji akampokea kamba akamwonyesha pa kushika. Alishika mpaka jioni. Popo walipotoka aliinua macho, na midomo yake ikawa inatikisika kidogo kama ya mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Mvua ya kwanza ilikuja kabla upindo wa mwisho wa makuti haujafungwa. Shaweji alikuwa juu, ameloa, anavuta kamba kwa meno, aliposikia kutoka chini sauti ya Tumu, kisha sauti ya mkunga ikimtuliza. Hakushuka. Alifunga fundo la mwisho, akalaza kifua juu ya makuti, akasikiliza. Maji yaliteremka juu ya makuti yakaanguka mbali uani. Chini ya makuti palikuwa na vigae vikavu, na chini ya vigae wazazi wengi wamening'inia kimya, na chini yao dari yenye ufa, na chini ya ufa mwanawe. Nyumba yote ilikuwa inapumua. Alilala pale juu ya pumzi zote zile mpaka ya mwisho ikaja, ndogo, yenye hasira, ikapaza sauti kupita mvua.

Alikuwa msichana. Shaweji alipomchukua, hakujua amshikeje kwa mikono yake mikubwa, mpaka mkunga akamwambia amlaze tu kifuani. Akamlaza. Mtoto akaanza kutambaa na kutafuta, kwa kichwa, macho yamefumba, na babu mtu akageuza uso ukutani.

Masika yalipokatika vitoto vya popo vilianza kuruka. Jioni moja vilitoka na mama zao, vikapepesuka juu ya ua na kupanda, na asubuhi havikurudi. Wala mama zao hawakurudi. Bi. Mwasiti alileta idhini ya karibu, lakini hakuitoa kwa furaha. Majirani walikuja wakaketi na Tumu kama wanavyoketi na waliofiwa, wakaleta uji na maneno ya pole, kwa sababu Hodini nyumba iliyowahi kuitika kisha ikanyamaza haipongezwi.

"Watarudi?" aliuliza Tumu, mtoto begani.

"Wengine hurudi msimu wa pili," alisema Bi. Mwasiti. "Wengine wakikuta pamezibwa huenda zao. Ila sasa paa likishaezekwa upya ni kazi ya Idara ya Mapaa, si yetu. Na Idara ya Mapaa inataka paa lisilo na tundu hata la kidole."

"Yaani ofisi moja inawalinda, na ya pili inawafungia mlango?"

"Tuko jengo moja," alisema Bi. Mwasiti. "Tunapishana kwenye ngazi."

Shaweji aliteremsha makuti, akaezeka. Alitoa vigae vilivyooza, akabadilisha boriti, akafunga dari, na mara hii alitumia nyundo, lakini watu walisema aligonga kama anayebisha. Alipomaliza alikuja mkaguzi wa Idara ya Mapaa, kijana nadhifu aitwaye Jecha, mwenye kamba ya kupimia na macho makali. Alipanda ngazi, akatembea juu ya paa kutoka pembe hadi pembe, hakupata kasoro. Kisha, pale chini ya kigae cha mwisho, upande usiopigwa na upepo, akasimama.

"Fundi, hapa pana tundu."

Shaweji, ambaye maishani mwake hakuwahi kukiri msumari mmoja uliopinda, alipanda akaangalia. "Ni kweli," alisema. "Kosa la fundi."

"Si tundu dogo."

"Nilikosea sana."

Jecha alipiga magoti. Alitia kidole ndani ya tundu, akakizungusha. Kingo zake zilikuwa zimepigwa msasa pande zote, kwa makini, laini kama mdomo wa kikombe, pasiwe na kibanzi cha kukwaruza bawa. Chini uani mtoto alikuwa analia na Tumu anambembeleza.

Jecha alitoa kidole, akakunja kamba yake ya kupimia.

"Kosa hili," alisema, "umelifanya vizuri," akashuka ngazi.